Vumbi Lililoomba Maji

Jua lilikuwa linazama nyuma ya malori yanayongoja mizani pale Mlolongo, nami natoka dukani na mpira mpya wa pampu begani. Safari fupi tu. Ningefika karakana, nimsaidie mdogo wangu Mwangangi kuufunga, kisha twende nyumbani tukale.

Kabla sijafika mlangoni nikasikia jiwe la grinda linazunguka.

Nikakaza mwendo.

Mimi naitwa Loise. Mimi na Mwangangi tunanoa visu virefu vya mashine za mbao, na kunyoosha vyuma vya wenye machimbo ya mawe. Karibuni tulipata grinda kuukuu ya meza, ile ambayo chuma hulazwa juu ya sumaku, na jiwe likapita juu yake mpaka king'ae kama kioo. Tuliitoa Konza kwa mama mmoja anayeitwa Mutindi. Ilikuwa bandani, imefunikwa turubai. Alitusaidia hata kuipakia, na wakati wa kuagana alisema neno moja tu.

"Msiiendeshe kavu, wanangu. Hata kidogo."

Kila fundi anajua hilo. Bila maji ya kupoza chuma huungua, na vumbi lake huingia kifuani. Sikuona cha ajabu.

Ajabu ilianza tulipolisafisha tangi lake la maji. Maji yale, ambayo yakiwa mapya huwa meupe kama maziwa, yalikuwa yamegeuka meusi. Yalinuka... si kama mafuta yaliyokaa sana. Kama kidonda. Chini kabisa, ndani ya tope la chuma, Mwangangi alitoa kifurushi cha kitambaa kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. Kikampasukia mkononi.

Nywele. Kucha za mtu.

"Uoi," nikanong'ona. Uchawi.

"Ni takataka, Loise." Akaenda akakirusha ndani ya shimo la machimbo.

Tukakwangua kutu, tukabadilisha beringi, nikachanganya maji mapya ya kupoza kwenye pipa. Ilibaki pampu tu. Ndiyo maana jioni ile nilishtuka kusikia jiwe likizunguka.

Nilimkuta Mwangangi ameinama juu ya mashine, shati amelifunga puani. Hewa yote ndani ilikuwa ya kijivu.

"Zima!"

"Ni hiki kisu kimoja tu. Wenye mbao wanakuja asubu..." Kikohozi kikamkata maneno.

Nikazima mwenyewe, mota na sumaku. Jiwe likazunguka, likapunguza mwendo, likasimama.

Kimya.

Vumbi halikutua.

Lilining'inia hewani, kisha likaanza kusogea, polepole, kuelekea mezani. Likajikusanya juu ya chuma. Kwanza vidole... halafu kiganja. Kiganja cha mtu mzima, kimetandazwa.

"Wewe ndiye umechora hii?" nikauliza.

Mwangangi akatikisa kichwa.

"Hodi."

Mwanamume alisimama mlangoni. Ovaroli yake, nywele, ngozi, vyote vilikuwa rangi moja, rangi ya majivu. Hakuwa na viatu. Vidole vyake havikuwa na kucha.

"Karibu," nikasema. Mdomo ulitangulia akili.

"Kiw'u," akasema kwa Kikamba. Maji. "Nimekauka, mwiitu, binti yangu."

Akavuta pumzi. Krrrr... kama mchanga unaotikiswa ndani ya debe.

Nyuma yangu Mwangangi akajishika kifua.

Yule mtu akatoa pumzi. Mwangangi akavuta kwa pupa, kama aliyeibuka kutoka majini. Yule akavuta tena. Mwangangi akabaki mdomo wazi, macho yamemtoka, hewa haiingii.

Walikuwa wanagawana pumzi moja.

Akaingia. Kila alipokanyaga, vumbi la sakafuni liliinuka likampanda miguuni. Pumzi zake zikawa ndefu. Za Mwangangi zikazidi kuwa fupi. Mdogo wangu akaanguka magoti, midomo imekuwa ya buluu, ananiangalia kana kwamba mimi ndiye mwenye hewa na ninamnyima.

Nikamshika mabegani nimwinue.

Yule mtu akapita karibu yangu. Alinuka kile kidonda cha tangini. Akaweka mkono mezani, juu ya ule mkono wa vumbi. Ikatoshana.

Sijui ni nini kilinisukuma. Nikapiga swichi ya sumaku.

TAK!

Akavutwa kifudifudi. Kifua, shavu, mikono, vyote vikagandamana na meza. Alinigeuzia jicho moja.

"Nilimwomba maji," akanong'ona. "Akaniambia niendelee na kazi."

Lilikuwa jicho la mtu aliyechoka tu. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini, kuliko mengine yote.

Nikachota ndoo kwenye pipa nikammwagia. Nikachota tena. Tena. Bega likamomonyoka, kisha kichwa. Akageuka tope, tope likachuruzika kuingia tangini. Maji mengine yenye tope lake yalivuka ukingo wa meza, yakatambaa sakafuni, yakapita chini ya mlango hadi nje mtaroni. Sikujali. Niliendelea kumwaga mpaka pipa likabaki tupu.

Mwangangi akavuta pumzi, ndefu, yenye mlio. Kisha akalia kama mtoto.

Asubuhi nilikuwa Konza. Mutindi alinitazama usoni, akaacha kupepeta maharagwe.

"Mliiendesha kavu."

Nikamsimulia yote, tangu kifurushi hadi ndoo ya mwisho. "Mwaitu, mama yangu, yule ni nani?"

"Alikuwa fundi wa mume wangu. Pampu iliharibika, na mume wangu hakujali. Akamsagisha hivyo hivyo, kavu, mpaka kifua kikajaa. Tulimzika. Baadaye mume wangu akaanza kukosa pumzi kila jua likizama. Tukaenda Kivaa kwa mganga, akatushonea kile kifurushi, nywele na kucha za yule fundi. Akasema marehemu atatulia akilazwa majini."

"Na mume wako?"

Alinionyesha kwa kidevu. Nje ya ua kulikuwa na msalaba wa mbao. "Tulichelewa."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia, mngeichukua?"

Nikamuuliza jina la yule fundi.

"Usiniulize. Akitajwa huitika." Akaweka ungo chini. "Umesema ulimmwagia maji. Yalienda wapi?"

"Tangini."

"Yote?"

"Mengine... yalitoka nje. Mtaroni."

Mutindi akafumba macho. Akarudi kwenye maharagwe yake, na hakunisindikiza.

Mwangangi anaendelea vizuri, ila siku hizi analala ameketi. Mashine tumeiacha imezimwa, tangi limejaa. Lakini mtaro wa karakana hupita chini ya madirisha ya nyumba za kupanga tunamoishi, na sasa ni kiangazi. Tope lote limekauka. Upepo wa machimbo ukipita, huinua vumbi jembamba la kijivu ambalo hata ukifuta dirishani halitoki.

Jana jioni Asmaa, jirani yetu wa chini, alinisimamisha kwenye ngazi.

"Dada Loise, kuna mtu alibisha kwetu juzi magharibi. Hana viatu. Ati anaomba maji. Zubair akamwambia karibu, kufungua mlango vizuri, hakuna mtu."

"Mumeo yuko wapi sasa?"

"Amelala. Kifua kinambana tangu hiyo siku. Nimempa tangawizi."

Nyuma ya pazia nikasikia mtu akikohoa. Nikamshika Asmaa mkono.

"Leta maji. Ndoo nzima. Yoyote uliyo nayo, haraka!"

Aliniangalia kana kwamba nimerukwa na akili.

"Maji gani, dada? Si mabomba yamekauka ploti nzima tangu Jumapili?"