Diski Katika Friza ya Sato

Foleni ya simu nje ya posta ya Musoma ilikuwa ndefu asubuhi ile ya Oktoba 1998, lakini msichana aliyeshika mkonga hakujali waliokuwa wakiguna nyuma yake. Sketi yake ya marinda ilipepea kwa upepo wa ziwani.

"Inagonga, fundi! Ka, ka, ka, halafu kimya. Nije mpaka Mwanza kuambiwa imekufa?" Akabwaga mkonga.

Kijana mrefu aliyemfuatia, mwenye shati la mtumba lililonyooshwa vizuri na bisibisi mfukoni, akasema polepole, "Dada, samahani. Usiiwashe tena."

"Unasikilizaga simu za watu?"

"Foleni nzima imesikia. Diski ikigonga hivyo, kila ukiiwasha inazidi kujikwaruza. Naitwa Mwikwabe. Natengeneza redio huko Kamunyonge. Kompyuta nimejifunza mwenyewe."

"Mwikwabe? Mkurya anayeongea chinichini hivi? Una uhakika ni Mkurya?"

"Mama yangu ana uhakika."

Msichana, aliyeitwa Dafroza, akacheka, ingawa hakuwa na hamu ya kucheka.

Alikuwa mpiga chapa katika duka la steshenari. Kwa miaka miwili, kila baada ya kazi, alikwenda Kitaji kwa Mzee Felisian, katekista mstaafu. Mzee aliimba nyimbo alizotunga kwa Kijita, Dafroza akaziandika kwa mkono, kisha akazichapa kwenye kompyuta ya dukani. Karatasi aliwashia jiko, maana aliiamini kompyuta. Mwezi Agosti kiharusi kikamnyang'anya mzee sauti. Sasa nyimbo mia moja na arobaini zilikuwa ndani ya diski ile tu, ambayo Dafroza aliiokota tajiri wake alipoitupa na kununua nyingine.

Jioni hiyo Mwikwabe aliifunga diski katika mifuko mitatu ya nailoni, akaiingiza ndani ya friza ya shangazi yake Ghati, muuza samaki.

"Unaizika na sato?" Dafroza aliuliza.

"Baridi hukaza chuma. Inaweza kutupa dakika kumi."

"Au?"

"Au isitupe."

Iliwapa tisa. Chumbani kwa Mwikwabe, kwenye kompyuta isiyo na mfuniko, walinakili nyimbo kumi na tisa kwenye disketi kabla diski haijaanza tena kugonga. Ikarudishwa kwenye friza mpaka kesho. Ikawa hivyo siku tano. Kila saa sita mchana simu ililia dukani kwa Shangazi Ghati; alikuwa Dafroza.

"Mgonjwa wetu ameamkaje?"

"Amelala. Daktari wake ndiye hajalala, anakuwaza."

"Ananiwaza mimi au diski?"

"Diski haivai hereni nyekundu."

Ghati akapaza sauti kutoka kwenye meza ya samaki, "Mwikwabe, oa huyo mtoto, wateja wangu wanataka simu!"

Siku ya sita, Dafroza alikuwa uani, akizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Mwikwabe alikuwa ndani akifungua mafaili kuhakikisha yamenakiliwa salama. Moja halikuwa wimbo. *Familia zina furaha kukualika katika harusi ya Dafroza Alfonce na Bernado Mihayo, Bunda, Jumamosi tarehe 12 Desemba.*

Alizima mashine. Nyimbo zilizookolewa zilikuwa mia moja na kumi na nne. Akatoka uani, akampa Dafroza disketi bila kumtazama.

"Kwa leo basi."

"Nikupigie kesho?"

"Kesho nina kazi."

Kesho yake simu ililia mara tatu. "Anasema hayupo," Ghati alijibu kwa hasira, "na amekaa hapa kama gunia!" Siku iliyofuata umeme ulikatika, ukakaa siku mbili. Mwikwabe hakwenda kuitazama diski ndani ya friza.

Jumapili Dafroza alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, angali katika gauni jeupe la kwaya.

"Nimekukosea nini?"

"Bernado anajua unakujaga hapa?"

"Bernado gani?" Kisha akaelewa. Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akacheka mpaka machozi, na machozi hayakukoma kicheko kilipokoma. "Ile ni sampuli! Wazee hawakubali jina la binti liandikwe kwenye kadi kabla ng'ombe wa mahari hawajafika kwao. Mteja anataka kuona kadi ilivyo, basi naweka jina langu. Mle ndani nimeolewa mara thelathini na moja, Mwikwabe. Ungefungua kadi ya pili ungeona."

Mwikwabe akaichomoa bisibisi mfukoni, akairudisha.

"Waya unaupima mara tatu. Mimi umenipima mara moja."

Walikimbilia friza. Maji ya samaki yalikuwa yamepenya mifuko yote mitatu. Waliikausha diski kwa kanga, wakaiwasha. Ikatoa nyimbo nne. Ikagonga, ikakwaruza, ikanyamaza kabisa.

"Ishirini na mbili," alisema Mwikwabe. "Nimezipoteza mimi."

"Ndiyo. Umezipoteza wewe." Dafroza alipangusa uso. "Na utazitafuta na mimi. Mzee alifundisha kwaya Butiama na Bunda. Wapo wanaozikumbuka."

Kila Jumamosi wakawa safarini, yeye na kalamu, Mwikwabe na redio kaseti aliyoifufua. Bibi mmoja wa Butiama aliwaimbia tatu huku akipepeta mtama. Kufikia Januari walikuwa wamepata kumi na tisa. Tatu hazikupatikana. Kwaya ilipomwimbia Mzee Felisian kitandani, mkono wake mzima ulipiga mapigo kwenye blanketi, na mwimbaji mmoja alipokosea, mzee aliacha kupiga, akamkazia macho.

Wakitoka hapo, Mwikwabe aliomba waingie steshenari.

"Nataka kuona sampuli ya kadi. Mimi ni mteja."

Dafroza hakumtazama. Alichapa jina la Mwikwabe, akaitoa karatasi ikiwa bado ya moto. Mahali pa jina la bibi harusi palikuwa peupe.

"Mbona hukuweka jina lako? Si unawawekeaga wote?"

"Zile zilikuwa sampuli," alisema Dafroza kwa sauti ndogo. "Hii siwezi kuijaza. Ng'ombe hawajafika kwetu."

Mwikwabe aliisoma kadi ile mara tatu. Kisha akaenda kumpigia simu baba yake.