Kipimahisia na Kilio cha Mtani

Sauti ya mwanamke kwenye simu ya dharura ilijaa chumba kizima: mwanawe amemeza kifungo cha shati, anakufa, dunia imekwisha! Kipimahisia kilisikiliza kwa sekunde mbili tu, kikaandika ukutani: *Taharuki. Kukuza mambo: asilimia 40. Mtoto anasikika akilia, anapumua vizuri. Nafasi ya tatu.*

Wajumbe watano wa kamati ya jiji la Kisima Kipya wakapiga makofi. Mhandisi Sikudhani Mbaruku akainamisha uso, akijifanya hajavimba kichwa. Alikuwa amevimba.

Na kwa nini asivimbe? Kwa miaka minne alikifundisha chombo hicho kutenganisha hisia na chumvi yake. Alikilisha maneno mia tatu na ushee: kuangua kilio, kujiliza, kudeka, kupagawa, kujishaua, kupandwa na mori. Kila neno alilipangia kiwango chake cha kuzidi. Mwaka huo wa 2097 jiji lilikuwa na ndegetiba sita tu, vyombo vinavyoruka kumfuata mgonjwa popote alipo, na wapiga simu wenye mbwembwe walikuwa wengi. Aliyezidisha alisubiri, aliyeumia kweli alitangulia. Kamati ikiridhika leo, kipimahisia kingepanga foleni peke yake, bila binadamu kuingilia.

Simu iliyofuata ilikuwa ya mzee.

"Uwiii! Njooni mumzoe huyu Mnyamwezi! Kaanguka barazani kwangu makusudi, anichafulie mkeka! Mie Pazi, wa Mtaa wa Mikoroshini, nani kaniroga mie? We Maganga, amka, sura mbaya wewe, huko ahera hawakutaki! Uwiii, sasa nitamtukana nani mie?"

Kisha akaanza kulia kwa mahadhi, akijiitikia mwenyewe. Kipimahisia hakikusita: *Kujiliza. Masihara. Kuzidisha: asilimia 96. Nafasi ya mwisho.*

Wajumbe waliangua kicheko. "Huyo amepatikana!" alisema mwenyekiti, Bi Tunu Kiwambo.

Sikudhani hakucheka. Mama yake alikuwa Mzaramo kama huyu Pazi, na siku ya kumzika babu, watani wao Wanyamwezi walikuja wakaigiza kikohozi cha marehemu, wakajitupa kaburini, wakagoma kutoka. Akiwa mtoto, aliwachukia. Mama akamwambia kwamba hakuna walioumia kuliko wale, maana mtani hata moyo ukimpasuka hulia kwa matusi. Haya yote aliyajua. Alisahau tu kuyafundisha, na neno kujiliza alilisukuma mwisho wa foleni kwa mkono wake mwenyewe.

"Bi Mwenyekiti, huyu ana mgonjwa kweli. Naituma ndegetiba." Akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuitumia.

"Mhandisi, ukigusa hicho kitufe, umetuambia mashine yako haifai kuachwa peke yake."

"Basi haifai," alisema Sikudhani, akakibonyeza. Roho ilimuuma kwa ile miaka minne.

Daktari aliripoti baadaye kwamba zingepita dakika kumi zaidi, wangekuta msiba. Kamati iliamua kipimahisia kibaki mshauri tu, na mtu awe na neno la mwisho. Sikudhani aliomba pia sauti za watu sitini na mmoja waliorudishwa nyuma wakati wa majaribio, azisikilize moja moja kwa masikio yake. Alijua baadhi yake zitamnyima raha.

Alasiri alikwenda hospitali kuomba radhi.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," alijibu Mzee Pazi, aliyekaa kando ya kitanda, kofia mkononi. Macho yake hayakubanduka usoni kwa Maganga. Yule mgonjwa alipofumbua macho, Pazi akamshika mkono.

"Pole, ndugu yangu," alisema taratibu. "Wewe ni mtu mwema. Mie sina mwingine kama wewe."

Mzee Maganga akakodoa macho. Akamgeukia Sikudhani, uso umemparama kwa hofu.

"Mwanangu, usinifiche. Ndiyo nakufa?"

"Hapana, baba. Daktari amesema umepona."

"Sasa mbona huyu Mzaramo ananisifu?"

Pazi alijifuta uso kwa kofia, akakohoa. "Nilikuwa napima kama masikio bado yapo, mbwa we. Akili najua ulizaliwa bila."

Maganga akashusha pumzi ndefu, akajifunika shuka, akalala usingizi mzito.