Aliyemshika Mama Mkono

Kitu cha kwanza kilikuwa kidogo mno, ukikisimulia mtu atakucheka: mama aliacha kupapasa ukuta.

Tangu macho yake yazimike, mama alitembea humo ndani kwa vidole. Ukuta wa ukumbini ulikuwa na mstari mweusi usawa wa kiuno chake, pale vidole vilipopita kwenda msalani na kurudi. Binti yake aliwahi kuupaka rangi, mstari ukarudi, akauacha. Binti huyo watu walimwita Fundi Miwani, maana ndiye aliyechonga vioo vya miwani ya nusu ya mji, katika kibanda cha karibu na stendi ya mabasi. Mama alipoanza kulalamika kwamba anaona moshi pembeni mwa macho, Fundi Miwani alimwambia, "Ni uzee huo, mama. Nitakupima nikipata nafasi." Nafasi haikupatikana. Siku alipompeleka hospitali, daktari alisema presha ya macho imeshamaliza kazi yake. Mama hakumlaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililomkaa Fundi Miwani kooni kama mwiba wa samaki.

Mchana wa siku hiyo ya kwanza, Fundi Miwani alikuwa mezani na mumewe, mwalimu wa hisabati, wakipanga safari kwa kunong'ona. Rafiki wa mumewe, makenika wa meli waliyemwita Kipara, alikuwa na boti yake imefungwa gatini katika mji wa bandari wa nchi ya mbali. Alikuwa anaondoka kikazi, akawaomba wakaishi humo mwezi mzima, wamwangalizie. Hawakuwahi kupata fungate. Mama alihamia kwao wiki ileile ya harusi. Basi walinong'ona kuhusu mashuka, jiko dogo la gesi, dawa ya kichefuchefu, na wapi mtu ataoga.

"Na mama?" Fundi Miwani aliuliza.

"Si tumeshakubaliana? Atakaa kwa kaka yako."

"Kwa kaka hapapendi. Wifi anamfungia chumbani kama kuku wa kitoweo."

"Mwezi tu, mke wangu. Na umeshamwambia ni semina ya walimu."

Ndipo mlango wa chumbani ukafunguka, mama akatoka. Alipita katikati ya ukumbi, mbali na kuta zote mbili, mkono wa kulia ameuinua mbele kidogo, kama bibi harusi anayeongozwa. Akakizunguka kigoda bila kukigusa.

"Mama, unaona?"

"Nione nini, mwanangu? Giza ni lilelile."

Akaingia jikoni kunywa maji. Kwenye sakafu, kando ya alipopita, palikuwa na nyayo mbichi za mtu aliyelowa, kubwa, zenye vidole virefu kuliko inavyostahili vidole vya mguu. Ukumbi ukanuka mwani uliooza na mafuta ya injini. Kutoka pale hadi bahari iliyo karibu zaidi ilikuwa safari ya basi ya kutwa nzima. Mume alichukua tambara akafuta.

Baada ya hapo mama akawa na mazungumzo. Kila alasiri, mlango ukiwa umefungwa, alisikika akisimulia habari za ujana wake na kucheka, kicheko ambacho binti yake alikuwa amekisahau. Ukigonga, kimya. Ukiingia, unamkuta peke yake, na upande wa pili wa kitanda shuka limekauka chumvi.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na anayenisikiliza."

Jioni moja walikuwa wanakula, mama akasema kwa upole kabisa, "Kitanda cha mbele msikilalie. Ubao wake umeoza kwa chini. Na ile ngazi ya kushukia, daraja la mwisho linateleza."

Kijiko kilimponyoka mwalimu. "Kitanda cha wapi, mama?"

"Cha kwenye semina, mkwe wangu."

Fundi Miwani aliinamia sahani. Hofu ilimshika, lakini aibu iliiwahi hofu. Kesho yake mwalimu akampigia Kipara, simu wakaiweka mezani wote wasikie, na kabla hata hajauliza habari ya vitanda, Kipara akasema, "Ila nyinyi watu, mbona hamkuniambia kwamba mama ametangulia?"

"Mama gani?"

"Mama mwenye mtandio wa kahawia. Jirani yangu wa pale gatini amenipigia, anasema kila alasiri amekaa nyuma ya boti, na mwanamume amemshika mkono. Akiwasalimu, mama haitiki. Jana yule mwanamume aligeuka kumtazama. Jirani amehamisha boti yake, na sababu hataki kuitaja."

Fundi Miwani aliinuka kabla simu haijakatwa, akaenda chumbani kwa mama, na alipousukuma mlango harufu ile ilimpiga usoni kama maji, akamwona mama amelala chali kitandani, mtandio wake wa kahawia ukidondosha matone sakafuni, macho wazi, kifua kimetulia kama cha mtu ambaye hayumo, na mkono wa kulia umeinuka hewani bila kutetemeka, vidole vimekunjwa juu ya kitu kisichoonekana ambacho, alipoutwaa mkono ule ili aushushe, naye alikihisi, kiganja kipana, baridi, chenye ngozi ya utelezi, nacho hakikuachia, bali kilimbana na yeye pia, taratibu, kama mtu anayemkaribisha mgeni.

Alipiga yowe. Kile kitu kikaachia, na mama akavuta pumzi kama aliyeibuka kutoka majini.

Mganga waliyemwita alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa raba na kubeba ubani kwenye mkoba wa sokoni. Alifukiza chumba, akasoma, akamfunika mama shuka jeupe. Sauti iliyojibu chini ya shuka haikuwa ya mama. Ilikuwa nzito, yenye maji ndani yake.

"Nani aliyekuita?" mganga aliuliza.

"Wao. Waliitaja bahari kwa kunong'ona kila siku. Neno la kunong'onwa hutufikia haraka. Nikaja, nikamkuta huyu amekaa peke yake gizani, anawasikia wote wawili. Nikamwuliza, nikukalie? Akasema, kaa."

Mganga aliwageukia. "Amekaribishwa na mwenyewe. Mimi nitamsukuma, lakini anakaa juu ya uongo. Uondoeni kwanza."

Mwalimu alitazama ukuta. Fundi Miwani akapiga magoti.

"Mama, hakuna semina. Tulitaka kukaa baharini, sisi wawili. Nikaona haya kukwambia nimechoka." Akaushika upindo wa shuka. "Na macho yako, mama. Ulinieleza mapema. Nilipuuza."

Shuka lilitulia. Kisha mama mwenyewe akasema, "Semina niliijua siku ya kwanza. Ukuta wenyewe una unene gani? Nilikuwa nangoja uniambie."

Mganga akapaza kisomo. Madirisha yaligonga, maji yalichuruzika kutoka ukutani, na kitu kizito kilipita katikati yao kuelekea mlangoni. Harufu ikafuata. Mganga akafunga mkoba wake akasema, "Ametoka. Kurudi ni juu yenu."

Mama alikuwa analia. Walidhani ni hofu, mpaka waliposikia anachosema: "Angalau yule alikuwa anauliza nimeshindaje."

Mwalimu alisafiri peke yake, akalala kitanda cha nyuma, akarudi mapema. Fundi Miwani alibaki. Alifunga kibanda kila mchana, akaja kukaa na mama chumbani, mlango wazi. Siku za mwanzo alimwuliza ameshindaje. Mama alijibu kwa adabu, kama mtu anayeongea na karani wa ofisini.

Kisha alasiri moja, Fundi Miwani alipokuwa anamsuka nywele, mama akauliza, "Unakaa hapa kwa sababu unanipenda, au kwa sababu unaogopa atarudi?"

Kitana kilisimama. Alitaka kusema haraka, jibu jema lilikuwa tayari ulimini, akalimeza.

"Vyote viwili, mama."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole, akakiinamisha ili asukwe vizuri.

"Haya. Siku utakapoacha kuogopa, ndipo tutajua."