Waridi Lililokataa Kunyauka

Asubuhi ile picha ilikuwa inanukia. Mama mtarizi alidhani ni sabuni ya mtoto, akamnusa utosini, wapi. Harufu ya waridi ilitoka ukutani, kwenye picha ya maua ya bustani aliyoachiwa na shangazi yake.

Aliipenda mno. Kila mwiba ulikuwa na ncha yake, kila jani mishipa yake, hata tundu lililotobolewa na mdudu lilionekana. Maua hayo ndiyo aliyoyaiga kwa sindano kwenye foronya za wateja.

Lakini mtoto alikuwa anaisha. Titi alilikataa, mashavu yamebonyea, na kila alipopauka yeye, waridi kubwa la katikati lilizidi wekundu.

"Mama watoto, tuichome," mumewe alinong'ona. "Humo mna jini."

"Basi jini ndiye atakayeondoka. Picha ni yangu."

"Utamfukuza kwa sauti hiyo ya kuomba chumvi kwa jirani?"

Mume alipokwenda kazini, kitu kilianza kukwaruza nyuma ya fremu, taratibu, kama kucha zinazotafuta mlango, harufu ikaja nzito mpaka kooni, mtoto akalegea mikononi mwake, na sauti laini ikasema kutoka kwenye karatasi, "Niachie huyo, nami nitachanua siku zote."

Macho yake hayakubanduka kwenye picha. Matumba yasiyofunguka yalikuwapo, maua yaliyofunguka yalikuwapo. Ua linalokufa halikuwapo hata moja.

"Kumbe," alisema. "Hutaki kunyauka, ndiyo unamnyausha mwanangu."

Akamfunga mtoto mgongoni, akaishusha picha, akaitoa kwenye kioo. Akatunga uzi wa kahawia, akalidunga waridi lile.

Karatasi ilipiga ukelele. Vidole vilikufa ganzi kwa baridi, sindano ikamchoma yeye mwenyewe, naye akaendelea, mshono juu ya mshono, akizikunja petali kingo, akiliinamisha ua kichwa.

"Tulia," alinong'ona. "Uzeeke kama wenzako."

Harufu ikageuka ya maji yaliyooza kwenye chombo cha maua, kisha ikakatika. Mgongoni mtoto akaangua kilio cha njaa, kilio kizima chenye hasira.

Jioni mume alisimama mlangoni. "Umeitundika tena?"

"Nimeitundika."

Petali moja, kavu, ya kweli, ilidondoka kutoka kwenye picha ikatua sakafuni kati yao. Mume akarudi nyuma. Mkewe akachukua ufagio, akaifagia pamoja na makombo, akaitupa jalalani.