Visahani vya Itetemia

Ujumbe uliingia saa mbili asubuhi. Maneno manne.

*Refa asifike mahakamani. Zuia.*

Matatu ya kwanza yalikuwa ya adui, yamenaswa kwenye simu. "Zuia" lilikuwa la mkuu wa Minza.

Minza, ofisa wa usalama aliyekaa Tabora siku tatu akijifanya mpiga shabaha, aliufuta. Kisha akafungua sanduku lililotoka makao makuu.

Akatukana kimoyomoyo.

Aliomba bunduki ya Benelli M4: mtutu mfupi, risasi saba, marisau makubwa. Wamemletea Beretta ya mitutu miwili, mirefu kama fimbo ya kuchungia, na boksi la marisau namba saba na nusu. Punje ndogo kama ulezi.

Akapiga simu.

"Mkuu, hii ni ya kupasulia visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Nikimpiga muuaji kwa mita hamsini atajikuna tu."

"Fomu yako ilisema mashindano," alijibu Benjamini, mkuu wake.

"Hayo ni maelezo ya kujificha!"

"Stoo wanasoma fomu, Minza."

"Basi ahirisha mashindano."

"Kwa ushahidi gani?"

Simu ikakatika.

Saa nne alikuwa uwanjani Itetemia. Refa, mzee Modest, askari wanyamapori mstaafu, kesho alitakiwa kutoa ushahidi dhidi ya wasafirisha pembe za ndovu. Walikuwa wamemtuma mmoja wa wapigaji amuue, ionekane ajali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti."

"Rudi nyumbani leo. Nakuomba."

"Nimehukumu hapa miaka tisa. Leo nikimbie? Nenda kwenye foleni."

Minza alitamani kumshika mkono amvute kwa nguvu.

Marisau ya mashindano hayaui mtu aliye umbali wa refa. Muuaji alihitaji donge moja zito la risasi, la kuangushia nyati, ndani ya ganda la kawaida. Na meza ya ukaguzi ilishapitisha kila boksi. Walisoma maandishi ya ubavuni, basi.

"Yafungueni," Minza alimwambia Getruda, mkaguzi.

Getruda alicheka. "Dada, tufungue risasi mia tatu? Halafu tupige visahani kwa mawe?"

Mpigaji wa kwanza akapiga. Wa pili akapiga. Visahani vilipasuka. Minza alitazama mikono, mabega, macho.

Hakuna kitu.

Alitaka kulia kwa hasira.

Wa tatu, Revocatus, jamaa wa miwani ya jua, alipita karibu naye.

"Bunduki ndefu kuliko wewe, dada. Utaiweza?"

Minza alikuwa akitazama mkoba wa risasi kiunoni mwa Revocatus.

Nyuki wawili waliuzunguka. Kisha watano.

Uwanjani hapakuwa na asali. Lakini huku mafundi wa magobore, bunduki za kienyeji, huziba kila kitu kwa nta: mzinga uliopasuka, ndoo inayovuja, na mdomo wa ganda la risasi lililofunguliwa likajazwa upya. Nta ya fundi haichujwi vizuri. Hubaki ikinukia asali.

"Vuta!" Revocatus aliamuru.

Kisahani kiliruka. Mtutu wake haukukifuata. Ulishuka, taratibu, kuelekea kwa refa.

Minza alikimbia. Hatua sita. Akausukuma mtutu juu kwa viganja vyote viwili.

Mlio.

Tangi la maji juu ya mnara likatoboka. Tundu moja, pana kama kidole gumba. Maji yakamwagika.

Goti tumboni. Revocatus chini. Pingu.

Nyuki mmoja alimuuma Minza shingoni. Hata nyuki naye!

Alituma picha ya tundu makao makuu. Simu ikaita mara moja.

"Huo ndio ushahidi, mkuu."

"Vizuri. Beretta uirudishe na fomu yake."

Akakata.

Mzee Modest alikuja akitazama tangi, kisha mtu aliyelala chini.

"Binti, umevuka mstari wakati wa kufyatua. Umeondolewa mashindanoni."

"Sawa, mzee. Na kesho mahakamani, saa tatu?"

Mzee alikaza kofia yake.

"Saa mbili na nusu nitakuwa mlangoni."

Minza alilibeba sanduku begani, akaondoka bila haraka, shingo ikimuwasha.