Bega la Daktari Shee

Kila Jumamosi asubuhi wanawake wa Kikima walibeba majembe kwenda kwenye mwethya, yaani kusaidiana kuchimba matuta, leo shamba la huyu, wiki ijayo la yule. Ndinda, msichana wa darasa la sita, aliandamana na mama yake, Kaluki. Kiongozi aliimba, wengine wakaitikia, na majembe yote yakashuka pamoja. Wimbo wenyewe Ndinda aliusikia kama uvumi wa mbali tu. Hata hivyo jembe lake halikukosea, kwani alikodolea macho bega la mwanamke aliyekuwa mbele yake. Bega likishuka, naye anashuka. Mjanja huyo!

Tangu azaliwe alikuwa hivyo. Darasani alisoma midomo ya Mwalimu Mutie, lakini mwalimu alipogeukia ubao, somo lilimpita. Alitamani sana kuwa muuguzi, na alama zake zilizidi kushuka. Mwishowe mwalimu alimshauri Kaluki ampeleke hospitali kubwa, Nairobi.

Huko Daktari Shee alimvalisha vifaa vya kusikilizia. "Ukisikia mlio, inua mkono," akamwambia, kisha akageukia mashine yake.

Ndinda hakusikia kitu. Aliogopa kisu cha upasuaji, na zaidi aliogopa kuitwa kiziwi. Mara akaona bega la daktari likishuka kila alipobonyeza mashine. Bega likishuka, yeye anainua mkono.

"Mama, mtoto huyu anasikia vizuri," daktari akasema kwa mshangao. "Hahitaji kupasuliwa. Mrudi nyumbani."

Kaluki alimshukuru Mungu, akaanza kufunga leso yake. Ndinda alikuwa ameisoma midomo ya daktari. Akitoka mlango ule, ndoto ya uuguzi basi tena. Akajikaza.

"Daktari, nimekudanganya. Sikusikia. Nilikuwa natazama bega lako."

"Ai, Ndinda!" Kaluki akafoka. "Tumetoka Kikima alfajiri uje kumchezea daktari?"

"Mwache, mama," daktari akasema. "Kosa ni langu pia, nilimkalisha mahali pa kuniona."

Alimgeuza atazame ukuta, akampima upya. Safari hii mkono haukuinuka. Kisha akagonga kichuma chenye meno mawili, akakigusisha kwenye mfupa nyuma ya sikio.

"Nasikia!" Ndinda akasema.

Daktari alitabasamu, akamgeuza amwone. "Basi sikio la ndani ni zima. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna vifupa vitatu vinavyopitisha sauti. Nadhani vyako vimegandana tangu uzaliwe. Nitajaribu kuvitengeneza, tuanze na sikio moja."

"Nitaumia?"

"Utalala kwa dawa. Ukiamka utaumwa kiasi na kusikia kizunguzungu."

"Basi nipasue."

Wiki chache baada ya upasuaji, daktari alitoa pamba sikioni.

"Ndinda! Unanisikia?" Kaluki akapaza sauti, kama alivyozoea miaka yote.

Ndinda aliruka, akaziba sikio. "Mama, polepole! Unaniumiza!"

Kaluki alicheka huku machozi yakimtoka. Akamkumbatia, akainama karibu na sikio lile. "Mwanangu," akanong'ona, "daktari hutibu ugonjwa anaoonyeshwa. Ukimficha, hata awe hodari vipi, utarudi nao nyumbani."

Ndinda alikuwa amefumba macho begani kwa mama yake, na hakukosa hata neno moja.