Suruali ya Mkimbiaji

Kila alasiri Upepo, msichana aliyepewa jina hilo kwa mbio zake, alipita kwa shangazi yake, fundi cherehani, kumwokotea vipande vya vitambaa sakafuni. Siku hiyo aliokota akichechemea mguu wa kulia. Alipozunguka meza, akachechemea wa kushoto.

Shangazi akasimamisha cherehani. "Mguu gani unaouma, mwanangu? Maana naona maumivu yamehama."

Upepo akaona maji yamemfika shingoni, akaeleza. Kesho yalikuwa mashindano ya kupokezana vijiti, na yeye ndiye wa kumalizia. Lakini timu ilikuwa imeletewa kaptura, na mwaka huu alikuwa ameamua mwenyewe kujistiri kama dini yake inavyomfundisha. Kwa kuogopa kuchekwa, alimwambia mwalimu wa michezo kwamba ameteguka mguu.

"Twende kwa mwalimu," shangazi alisema.

Walimkuta bado uwanjani. Upepo akasema ukweli wote, macho chini.

"Ungeniambia tangu juzi," mwalimu alisema. "Mimi nataka rangi ya timu tu. Urefu wa nguo ni wewe na Mola wako. Nafasi yako ipo, ila nguo iwe tayari kesho asubuhi."

Kazi ikaanza bila kupoteza muda. Upepo alipoijaribu suruali ya kwanza kwa kuruka hatua moja, ikachanika nyuma, praa! Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Kwa mazoea, shangazi alikuwa amempima amesimama wima kama bibi harusi. Safari hii akampima akiwa amepiga hatua ndefu, goti juu, na mtandio wake wa kichwani akaushonea kwenye kola ya fulana usije ukapeperuka.

Kesho yake rafiki yake, aliyevaa kaptura, alimkabidhi kijiti wakiwa wa tatu. Upepo akachomoka. Akampita mmoja, akampita na mwingine, watu wote wakasimama. Alipokata utepe, furaha ilimjaa mpaka machozi yakamtoka. Wenzake wakamvamia kwa shangwe, na mmoja akauliza suruali kama ile inashonwa wapi.

Shangazi alingoja apate pumzi. "Leo umenifurahisha sana. Lakini jana uliona haya kutaja dini yako, ukasema uongo ambao dini hiyohiyo inaukataza. Kumheshimu Mungu kunaanzia mdomoni, mwanangu. Nguo zinafuata."

Upepo akakumbuka kwamba jana alisema ukweli, lakini radhi hakuomba. Akamwendea mwalimu mbio.